Chombo cha kwanza cha kujifurahishia kwa watu wa mlimani

Yapo maneno ya Kiswahili ambayo mwanafunzi wa Kianjokoma huyatumia kila juma katika insha zake bila ya kuwahi kukiona kitu kilichoyazaa. Huandika kwamba mipango ya mhusika mkuu ilikwenda mrama. Hutuambia kwamba waziri fulani ndiye aliyeshika usukani wa wizara, na kwamba mkutano ulitia nanga saa kumi za jioni. Mwalimu humtilia alama ya kusahihisha, humwongezea neno la kumtia moyo pambizoni, na wote wawili huendelea na kazi zao. Lakini mrama ni mwendo wa chombo kinapoyumba kwa mawimbi, mara ubavu huu mara ubavu ule, na ni vigumu kuueleza kwa mtoto ambaye maji mengi kabisa aliyowahi kuyaona yamesimama ni yale ya bwawa la kunyweshea ng'ombe. Mtoto huyo huijua mashua kwa njia ya Biblia, katika Bahari ya Galilaya, na huijua safina kwa sababu ya Nuhu. Kwa Kiarabu safina ni meli yoyote ile. Sisi tumemwachia Nuhu neno hilo peke yake.

Nayataja haya kwa kuwa kuna walimu katika sehemu hiyo ya Embu ambao wamekuwa wakiweka akiba kwa pamoja kwa muda wa miaka kadha, na ambao sasa wamekata shauri kununua chombo cha majini. Hawakusudii kuvua samaki wala kuvusha abiria kwa nauli. Wanataka chombo cha kujifurahishia wao na jamaa zao wakati wa likizo, na ambacho, mara moja moja, kitawapandisha wanafunzi ili wapate kuyaonja maneno wanayoyaandika. Waliniomba ushauri. Sikuombwa kama baharia, maana mimi si baharia. Niliombwa kwa sababu nimetumia sehemu ya maisha yangu ya utafiti kuandika majina ya mbao na kamba kwa mafundi wa Lamu, na mtu akikaa na mafundi miezi mingi akiuliza hiki chaitwaje, hawezi kukosa kuambiwa pia kwa nini kiko hapo.

Najua kuna msomaji anayecheka. Kianjokoma iko juu, mlimani, kwenye ukungu na majani chai. Mito yake ni ya mawe na ya kasi, na anayetaka kuiteremka na aende huko chini Sagana, ambako watalii huvalishwa kofia ngumu na kuingizwa katika maboti ya mpira yanayorushwarushwa na maji ya Tana. Hayo ni kweli. Lakini mito hiyo haipotelei ardhini. Maji ya Rupingazi huingia Thiba, na Thiba huingia Tana pale lilipo ziwa la Kamburu. Ena na Thuci nayo hufika Tana. Tangu mwaka 1968, lilipokamilika bwawa la Kindaruma, hadi 1988, lilipokamilika Kiambere, mto huo ulizibwa mara tano kwa ajili ya umeme: Kamburu likafuata 1974, Gitaru 1978, na Masinga, lililo kubwa kupita yote, 1981. Masinga likijaa huenea kiasi cha kilomita 120 za mraba. Kwa hiyo mtu wa Embu ambaye hajapata kupanda mashua anaishi karibu na maji mapana kuliko watu wengi wa bara. Hajazoea tu kuyafikiria kuwa ni maji ya kutembelea. Kwake yeye ni maji ya stima.

Chombo walichokuwa wamekipenda ni boti ya nyuzi za kioo, iliyokwisha kutumika Naivasha kwa kutembeza watalii, yenye mashine ya kufunga nyuma na nafasi ya watu kumi na wawili. Bei yake waliiona nzuri. Rangi yake, nimeambiwa, ni ya samawati na nyeupe. Mimi nimewashauri wasiinunue, na kwa kuwa suala lenyewe laweza kuwafaa wengine walio na akiba na hamu kama yao, nimeona vyema nieleze sababu zangu hadharani.

Sababu ya kwanza ni namna idadi ile ya kumi na wawili ilivyopatikana. Hawakuanza kwa kuuliza maji yakoje, upepo wavuma saa ngapi, na nani atakayekiongoza chombo. Walianza kwa kuhesabu wanachama. Kila mtu aliyetoa fedha alitaka nafasi yake ya kukaa, na aliye na mke na watoto alitaka zaidi. Hivi ndivyo tununuavyo matatu, na kwa matatu huenda si vibaya. Gari likizidishiwa watu hulemea springi na breki, lakini bado limesimama juu ya ardhi. Chombo cha majini hakina ardhi. Kila mtu anayeongezeka hukizamisha kidogo, ukingo ukakaribia maji, na wimbi ambalo jana lingepiga ubavuni na kurudi, leo laingia ndani. Maji yaliyoingia hayatulii. Chombo kikilala upande wa kushoto nayo hukimbilia kushoto, yakaongeza uzito pale pale palipoelemewa. Abiria wakiona hivyo husimama, wakahamia kulia wote kwa pamoja. Baharia hahitaji kuelezwa yatokeayo baadaye.

Tarehe 24 Novemba 1996 ilikuwa bado haijafika wakati Ziwa Viktoria lilipoimeza MV Bukoba mwezi Mei mwaka huo, lakini hiyo ilikuwa meli ya abiria na ya biashara, na watu wa mlimani huweza kusema hayo si mambo yao. Basi na watazame tarehe 24 Novemba 2018. Siku hiyo, katika ziwa hilo hilo, upande wa Mukono nchini Uganda, boti iitwayo Templar ilipinduka ikiwa imebeba watu waliokwenda kustarehe mwisho wa juma. Kulikuwa na muziki na vinywaji. Walikufa zaidi ya watu 30. Wakuu wa serikali walieleza kwamba chombo kile hakikuwa na leseni na kwamba kilikuwa kimezidishiwa watu. Hakuna aliyekuwa amelazimika kusafiri. Wote walikwenda kwa furaha yao. Jambo hili ndilo linalonifanya nisikubaliane na wale wanaodhani kwamba chombo cha kujifurahishia kina hatari ndogo kuliko kivuko cha kazi. Kivuko kina ratiba na sarangi aliyekipitisha njia ile ile mara elfu. Boti ya starehe huongozwa na mtu anayetaka kuwafurahisha rafiki zake, nao rafiki ni watu wagumu mno kukatazwa.

Hapo ndipo panapokuja suala la nahodha, na naomba nikae hapo kidogo, maana ndipo penye kiini cha jambo. Neno lenyewe tumelipokea kutoka Kiajemi, na maana yake ya asili ni bwana wa chombo. Wenyewe wa pwani hawakulichukua kwa mzaha. Nahodha akisema tua tanga, tanga hutuliwa, hata kama aliyeishika kamba ni mjomba wake. Methali ya manahodha wengi, ambayo kila mwanafunzi anaijua, haikutungwa kwa ajili ya kamati za harambee. Sasa, chama hiki cha walimu kina mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu, mtu mwenye heshima yake, ambaye nusu ya wanachama walipita mikononi mwake wakiwa watoto. Yeye hajui kuogelea na hajapata kuingia katika chombo kidogo. Kadhalika kina mwalimu mmoja wa kike, mzaliwa wa Mbita, aliyehamishiwa huko kwa kazi. Yeye alikua akivuka maji kwenda shule, baba yake alikuwa na mtumbwi wa kuvulia, na anaweza kuuangalia uso wa ziwa saa sita mchana akakwambia kama jioni itafaa au haitafaa. Umri wake ni mdogo, ni mgeni, tena ni mwanamke. Niliuliza ni nani atakayekuwa nahodha. Palitulia kwa muda, kisha mmoja akasema kwa adabu, "Mwenyekiti ndiye atakayekaa mbele."

Kukaa mbele si kitu. Mzee na akae mbele, apigwe na upepo, aheshimiwe. Lakini lazima iandikwe katika kanuni za chama, kabla ya senti moja kutoka benki, kwamba chombo kikishaondoka ufukweni yupo mmoja tu anayeamuru, na kwamba mmoja huyo ndiye ajuaye. Siku atakaposema leo hatutoki, upepo si mzuri, pasiwe na mtu wa kumjibu kwamba nyama imekwisha kuchomwa. Walimu huiweza nidhamu hii darasani. Sina hakika kama wanaiweza baina yao.

Turudi kwenye chombo chenyewe. Lugha yetu ina hazina ambayo mnunuzi wa mara ya kwanza angefaidika kuijua, kwa sababu watu wa pwani hawakuvipa vyombo vyao majina kwa ukubwa tu. Mtumbwi ni gogo lililochongwa. Ngalawa ni gogo hilo hilo lililotiwa mirengu ubavuni ili lisipinduke kwa tanga. Dau na mashua ni vya mbao zilizounganishwa juu ya mkuku na mataruma. Neno mashua tumelipata Bara Hindi. Jahazi ni kubwa, la masafa na la shehena. Mtu akijua tofauti hizi hujua pia swali la kuuliza: chombo hiki kilibuniwa kwa maji gani na kwa kazi gani? Boti ya Naivasha ilibuniwa kuwachukua wageni wanaolipa, ikiongozwa na mtu wa kazi hiyo, asubuhi, kabla upepo wa alasiri haujaamka. Ilikuwa chombo kizuri kwa hayo. Haikubuniwa kumfunza mtu.

Na chombo cha kwanza, kwa maoni yangu, ni cha kumfunza mtu. Hicho ndicho kipimo kinachopasa kutangulia vingine vyote. Chombo kifunzacho ni kidogo, hujibu upesi kosa linapofanyika, na kosa lenyewe huwa dogo. Ukisimama vibaya kitakutikisa papo hapo. Ukivuta kasia moja kwa nguvu kuliko la pili, kitageuka, nawe utaelewa bila ya hotuba. Mashine huyaficha yote hayo. Humpa mtu mwendo kabla hajapata ujuzi, na siku inapozimika katikati ya Masinga, huku upepo ukivuma, hubaki watu kumi na wawili ndani ya sanduku wasilojua kulisukuma.

Wenzetu wa nchi nyingine waliligundua hili zamani. Mwaka 1947, huko Florida nchini Marekani, Clark Mills alibuni kidau cha tanga cha watoto kiitwacho Optimist, cha mbao nyembamba za kubandikwa, urefu wake mita 2.3 tu, kisichovutia macho hata kidogo. Hakina mbele iliyochongoka. Pua yake imekatwa kama sanduku la sabuni. Leo kinatumiwa ulimwenguni kote kufundishia watoto. Nchini Uingereza, katika miaka ya mwanzo ya 1960, ilitokea mashua ya Mirror, iliyopewa jina la gazeti, ambayo mnunuzi aliletewa mbao zilizokwisha kukatwa akaiunda mwenyewe nyumbani. Namna ya kuiunda ndiyo iliyonivutia mimi zaidi. Mbao hutobolewa matundu ukingoni, zikashonwa kwa nyuzi za shaba, kisha viungo vikapakwa gundi na kitambaa cha nyuzi za kioo. Hushonwa! Watu waliona ni uvumbuzi mpya, ilhali pwani yetu ilikuwa na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila ya msumari hata mmoja, na vya mwisho vilikuwa vikisafiri hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Mgiriki mmoja asiyejulikana jina, aliyeandika juu ya safari za Bahari ya Hindi yapata karne ya kwanza baada ya Kristo, alitaja mji wa Rhapta katika pwani hii, na akaeleza kwamba jina lake latokana na mashua za kushonwa zilizokuwa huko. Ningependa mwalimu wa historia, mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa ufundi wa mbao wakae chumba kimoja na jambo hili.

Kwa sababu hiyo, chombo ninachokipendekeza ni mashua ndogo ya makasia, ya mbao za kubandikwa, urefu wa mita tatu na nusu au nne, ya watu watatu, ambayo fundi seremala mwangalifu wa Embu aweza kuiunda akipewa ramani iliyopimwa vizuri. Mbao ziwe za aina iliyobandikwa kwa gundi isiyolegea majini, kwa maana zile za kutengenezea dari hufunguka kurasa kama daftari lililonyeshewa. Kitako kiwe bapa au kipinde kidogo tu, kwa kuwa kitako bapa husimama imara juu ya maji matulivu. Ubaya wake ni kwamba hupigapiga mawimbi yakikua, lakini mawimbi yakikua mwanagenzi hana kazi huko. Chini ya viti vya mbele na nyuma pazibwe visanduku vya hewa, ili mashua ikijaa maji ielee bado na watu waishikilie. Chombo cha namna hiyo watu wanne hukinyanyua, na pikapu hukichukua. Tanga ndogo yaweza kuongezwa mwaka wa pili.

Baadhi yao walitaka ngalawa kutoka pwani, kwa mapenzi ya utamaduni. Nawaheshimu kwa hilo. Lakini ngalawa ni gogo, aghalabu la mwembe, lililozoea unyevu wa bahari. Likifungiwa ghalani miezi minane kati ya safari moja na nyingine litakauka na kupasuka. Pia mirengu yake huifanya pana mno kwa barabara. Wengine walitaja zile kayaki za plastiki za mtu mmoja. Ni rahisi na haziozi. Ila humweka mtu usawa wa maji, na katika maziwa ya Tana hilo ni jambo la kufikiriwa mara mbili.

Na hapa lazima nikiri kwamba wanaoitetea mashine wana hoja yenye nguvu, nayo ni viboko. Masinga na Kamburu kuna viboko na kuna mamba, na yeyote aliyetembelea hifadhi ya Mwea, inayopakana na maji hayo, amewaona. Kiboko aliyeshtuliwa aweza kuipindua mashua kubwa, sembuse ya mita nne. Mwenye mashine hukimbia. Mwenye makasia hutegemea kutokuwapo pale. Sikuweza kuipuuza hoja hii, wala sidhani kuna atakayeweza. Jibu langu ni kwamba haituambii tununue boti kubwa, bali yatuambia tusianzie Masinga. Yapo mabwawa madogo ya kumwagilia mashamba yasiyo na wanyama hao, ambayo wenyewe wakiombwa kwa heshima huruhusu. Mwaka mzima wa kwanza na uishie huko. Likizo moja ya Agosti wangeweza kwenda Kilifi au Mtwapa, wakafunzwa na wenye kazi yao katika maji ya ndani ya mkono wa bahari. Baadaye, wakitaka Masinga, wasitoke bila ya mvuvi wa huko huko, anayejua viboko wanalala wapi na wanapita saa ngapi kwenda malishoni. Waondoke asubuhi jua likiwa juu, wasikaribie matete, na jioni isiwakute majini. Tena maji ya bwawa la umeme hupanda na kushuka kwa mvua na kwa matumizi ya mitambo. Paliponyweshwa mbuzi mwezi wa kiangazi huwa kilindi baada ya masika, na kichaka kilichozama mwaka wa mvua hubaki na visiki vyake vikingoja chini tu ya uso wa maji.

Ikiwa bado watashikilia boti ya Naivasha, angalau waikague kama mtu anunuaye ng'ombe. Waigongegonge kwa vifundo vya vidole kutoka omo hadi tezi. Panapolia kama mbao ngumu ni pazima, panapolia kama boga lililooza maji yameingia kati ya tabaka. Ule ubao wa nyuma unaobeba mashine wauminye na kuutikisa, maana ndio unaooza kwanza na ndio unaobeba uzito wote. Mashine iwashwe ikiwa majini, si ikiwa juu ya tairi, na wautazame ule mchirizi wa maji unaotoka kando yake: usipotoka, mashine haipozwi, itakufa. Kwa chombo cha mbao, wachukue msumari wenye ncha waichome mbao karibu na mkuku na pale maji yanapoishia. Faida moja ya maji baridi ni kwamba wale wadudu wa bahari watoboao mbao hawamo, na kwa hiyo mashua ya ziwani haihitaji kupakwa shahamu na chokaa kama wafanyavyo Lamu. Kuoza, lakini, kupo kote.

Kuhusu sheria sitasema mengi. Tangu mwaka 2004 nchi hii ina Mamlaka ya Masuala ya Bahari, ambayo wengi huijua kwa herufi za KMA, na Sheria ya Meli ya mwaka 2009 haiishii pwani. Vyombo vidogo vya maziwani navyo hupaswa kukaguliwa na kupewa leseni. Mtu asikubali kuambiwa na muuzaji kwamba karatasi zitafuata baadaye. Majaketi ya kujiokolea yawe moja kwa kila mtu, yatoshane na miili, pamoja na ya watoto, nayo yavaliwe kabla ya kupanda, si kukaliwa kama mito. Upo, au kopo lolote la kufulia maji, lifungwe kwa kamba ndani ya chombo. Makasia yawe matatu, maana moja litavunjika.

Yabaki maneno, ambayo ndiyo fani yangu. Nimeona mafunzo ya mashua katika vilabu vya Kenya yakifanywa kwa Kiingereza kitupu, hata pale ambapo mfunzi na mfunzwa wote ni wazaliwa wa hapa. Si ajabu, kwa kuwa vilabu hivyo viliasisiwa na wageni, na vingine vimekwisha kufa; palikuwa na klabu ya matanga katika bwawa la Nairobi, lililokamilika mwaka 1953, hadi gugumaji na uchafu vikalisonga, na sasa anayepita hapo hawezi kuamini. Lakini amri za chombo tunazo, fupi na kavu, kama zinavyopasa kuwa wakati wa hatari: tweka, tua, legeza, fua maji, geuza, tia nanga. Tuna kubisha, yaani kukipeleka chombo mshazari mara huku mara huku ili kisonge mbele dhidi ya upepo. Ni kitenzi hicho hicho tunachokitumia kwa mtu apingaye kila neno, na mwanafunzi atakayebisha kwa tanga alasiri moja hatasahau kwa nini. Tuna kupwelewa, chombo kikiachwa juu ya mchanga na maji yaliyotoka, jambo ambalo kwenye Masinga ya kiangazi litawapata bila ya kupwa kwa bahari. Ningewaomba walimu hao waandike amri kumi kwa rangi ndani ya ubavu wa mashua yao. Wasibuni mpya. Tumekwisha kubuni mno, na mengi tuliyoyabuni hayajapata kuloweshwa na maji.

Gharama ninaipitia haraka, kwa kuwa kila chama kinajua mfuko wake. Itoshe kusema kwamba bei ya kununulia ndiyo sehemu inayoonekana. Boti kubwa hudai trela, gari la kuivuta, mlinzi, mafuta, vipuri na mahali pa kulala, kila mwaka, itumike isitumike. Mashua ya makasia hudai rangi na paa. Yule mwalimu wa ufundi amekwisha kusema kwamba nyuma ya karakana ya shule yao pana kibanda kilichokuwa cha kuni, urefu wake hatua sita, na kwamba akiondoa ubao mmoja wa mlango mashua itaingia kwa kulazwa ubavu.

Mwenye boti ya Naivasha amewapa hadi mwisho wa mwezi huu wamjibu, na wanachama bado wamegawanyika. Mwalimu wa Mbita hakusema mengi katika mkutano wa mwisho. Alipitisha karatasi akawaomba walio na uwezo wa kuogelea hatua ishirini waandike majina yao. Iliporudi kwake ilikuwa na majina mawili, na moja lilikuwa lake. Mwenyekiti aliitazama karatasi ile kwa kitambo, akaikunja, akauliza kama mafunzo ya kuogelea yaweza kuanza likizo ya Desemba, na kama wazee nao wanakubaliwa.